SOMO LA WANACHAMA: LORI LA CHAMA NA KOMPYUTA YAKE



Katika chama cha msingi chenye lori lake, msimu wa ununuzi hutegemea magurudumu ya lori hilo. Lori likilala njiani, pamba hulala ghalani, kiwanda hakipokei mzigo, na mkulima huendelea kungoja malipo yake. Ndiyo maana Bodi ya chama hufanya haraka kumwita fundi. Na fundi, baada ya kufungua boneti na kutazama, siku hizi hutoa kauli moja inayosikika katika vyama vingi: "Gari hili ni la kompyuta."

Baada ya kauli hiyo wajumbe wengi hunyamaza. Hudhani kwamba jambo limepita upeo wao, na fedha za wanachama hulipwa bila swali. Somo hili limeandikwa ili kauli hiyo isiwe mwisho wa mazungumzo bali mwanzo wake. Halikusudii kumfanya Katibu kuwa fundi. Linakusudia kumwezesha aelewe kompyuta ya injini inafanya kazi gani, inajuaje inachokijua, na chama kidai uthibitisho gani kabla ya kununua vipuri.

1. KAZI YA DIZELI NI ILE ILE

Mjerumani Rudolf Diesel alipewa hataza ya uvumbuzi wake mwaka 1893, na mwaka 1897 injini yake iliyofanikiwa ilipimwa mjini Augsburg. Tangu siku hizo kanuni yake haikubadilika. Injini ya dizeli haina plagi za kuwasha moto kama injini ya petroli. Pistoni hupanda na kuibana hewa hadi ibaki katika nafasi ndogo sana, kwa kawaida sehemu moja tu kati ya sehemu 16 hadi 20 za nafasi ya mwanzo. Hewa iliyobanwa hivyo hupata joto linalozidi nyuzi 500 za Selsiasi. Wakati huo nozeli hunyunyiza dizeli ndani ya silinda, nayo dizeli huwaka yenyewe.

Basi kila mara silinda inapotaka kuwaka, kuna maswali matatu yanayohitaji majibu. Dizeli inyunyizwe kiasi gani? Inyunyizwe wakati gani? Na inyunyizwe kwa shinikizo gani? Tofauti ya lori la zamani na lori la leo ni nani anayetoa majibu hayo.

2. ZAMANI MAJIBU YALITOLEWA NA CHUMA

Mwaka 1927 kampuni ya Bosch ya Ujerumani ilianza kutengeneza kwa wingi pampu za dizeli, na kwa miaka mingi pampu za namna hiyo ndizo zilizoendesha malori. Dereva alipokanyaga kanyagio la mafuta, fito au waya ulivuta mkono wa pampu. Ndani ya pampu kulikuwa na gavana, yaani vyuma vizito na springi, ambavyo vilizuia injini isizunguke kupita kiasi. Wakati wa kunyunyiza uliwekwa na fundi kwa spana, na ulibaki karibu vilevile asubuhi ya baridi na mchana wa jua kali.

Utaratibu huo ulikuwa na sifa yake. Fundi hodari aliweza kuutengeneza chini ya mwembe. Lakini ulikuwa na kasoro mbili. Kwanza, shinikizo la dizeli lilitegemea mwendo wa injini: injini ikizunguka polepole, mnyunyizo ulikuwa hafifu, na dizeli isiyoungua vizuri ilitoka kama moshi mweusi. Pili, chuma hakiwezi kupima mambo mengi kwa pamoja, kama vile joto la maji, wingi wa hewa na uzito wa kazi, kisha kubadili uamuzi wake papo hapo.

3. LEO MAJIBU HUTOLEWA KWA UMEME

Utawala wa umeme katika injini za dizeli ulianza kuenea katika miaka ya 1980. Hatua kubwa zaidi ilikuja mwaka 1995, kampuni ya Denso ya Japani ilipoweka katika malori mfumo wa reli ya pamoja, na mwaka 1997 mfumo kama huo ulianza kutumika katika magari madogo ya Ulaya.

Katika mfumo huu kazi zimegawanywa. Pampu haipimi tena mafuta ya kila silinda. Kazi yake ni kusukuma dizeli tu na kuijaza katika bomba nene la chuma ambalo mafundi huliita reli. Kutoka kwenye reli, mabomba membamba hupeleka dizeli kwa kila nozeli. Dizeli hungoja mlangoni mwa nozeli ikiwa na shinikizo kubwa wakati wote, hata injini inapozunguka polepole. Nozeli hufunguliwa na umeme uliotumwa na kompyuta. Umeme ukikatwa, nozeli hujifunga.

Mifumo ya mwaka 1997 ilitumia shinikizo la hadi bar 1,350, na mingi ya leo hupita bar 2,000. Ili kupata picha ya ukubwa huo, kumbuka kwamba tairi la lori hujazwa upepo wa kadiri ya bar 8, yaani kama paundi 116 kwa inchi ya mraba. Kwa hiyo shinikizo la bar 2,000 ni mara 250 ya lile la tairi. Tutarudi kwenye jambo hili, maana linahusu uhai wa watu.

4. KATIBU ASIYETOKA OFISINI

Kompyuta ya injini, ambayo mafundi wengi huiita kontroli boksi, ni sanduku dogo la chuma lililofungwa barabara. Tunaweza kuifananisha na Katibu ambaye hatoki ofisini hata siku moja. Haoni injini, wala hasikii mlio wake. Hujua tu yale anayoletewa na makarani walioko vituoni. Makarani hao ndio vihisi, ambavyo gereji nyingi huviita sensa. Walio muhimu ni hawa:

(a) Kihisi cha krenkishafti. Hiki husoma meno ya gurudumu linalozunguka pamoja na injini na kueleza mwendo wa injini na mahali zilipo pistoni. Katika injini nyingi gurudumu hilo lina nafasi 60, lakini meno mawili yameachwa makusudi. Pengo hilo ndilo alama ya kuanzia kuhesabu.

(b) Kihisi cha kemshafti. Hiki hueleza ni silinda ipi ambayo zamu yake ya kuwaka imefika.

(c) Kihisi cha kanyagio. Katika lori la namna hii kanyagio halivuti kitu chochote kwenye pampu. Linatuma habari tu: dereva anaomba nguvu kiasi hiki. Kwa usalama, habari hiyo hutumwa kwa njia mbili ili kompyuta izilinganishe.

(d) Kihisi cha shinikizo la reli. Hiki hueleza dizeli iliyomo katika reli ina shinikizo gani.

(e) Vihisi vya joto la maji, joto la hewa, na shinikizo la hewa inayosukumwa na taboo.

Kompyuta hupokea taarifa hizo zote, huzilinganisha na majedwali yaliyowekwa ndani yake na mtengenezaji, kisha hutoa amri: nozeli ya silinda fulani ifunguke sasa, ibaki wazi kwa muda huu, ifungwe.

Tupige hesabu ili tuone haraka ya kazi hiyo. Injini ya silinda sita ikizunguka mara 2,000 kwa dakika, silinda tatu huwaka katika kila mzunguko. Hayo ni mawasho 6,000 kwa dakika, yaani 100 kwa kila sekunde. Tena mara nyingi kila washo hugawanywa: kwanza tone dogo la kutayarisha moto, kisha mnyunyizo mkubwa. Tone hilo dogo ndilo linalopunguza ule mlio wa kugonga uliozoeleka katika dizeli za zamani.

5. KARANI AKILETA TAARIFA YA UONGO

Kwa kuwa kompyuta hutegemea taarifa tu, karani mmoja akikosea, uamuzi wote huharibika. Waya wa kihisi cha joto la maji ukikatika, kompyuta inaweza kuelezwa kwamba injini ina baridi kali, hali imekwisha kupata moto. Injini yenyewe ni nzima. Taarifa ndiyo mbovu.

Watengenezaji walilifikiria jambo hili. Vihisi vingi hupewa umeme wa volti 5, na kihisi kizima cha shinikizo kwa kawaida hurudisha kati ya nusu volti na volti nne na nusu. Kompyuta ikipokea sifuri au volti 5 kamili, hutambua kwamba hiyo si taarifa ya kweli, bali waya umekatika au umegusana na mwingine. Hapo huwasha taa ya tahadhari mbele ya dereva, huandika namba ya hitilafu katika kumbukumbu yake, na mara nyingi hupunguza nguvu ya injini. Lori huenda, lakini kwa unyonge, ili lifike gereji bila kuharibika zaidi. Dereva asiyejua hudhani injini imekufa.

Namba za hitilafu husomwa kwa mashine ndogo inayochomekwa katika tundu maalumu la gari. Na hapa, ndugu Mwanachama, ndipo palipo kiini cha somo letu: namba ya hitilafu haitaji kipuri cha kununua. Hutaja mahali pa kuanza kutafuta.

Chukua namba mbili. P0192 maana yake umeme unaotoka kwenye kihisi cha shinikizo la reli uko chini mno. P0087 maana yake shinikizo lenyewe la dizeli liko chini mno. Zote mbili zinahusu reli, na zote huweza kulifanya lori likose nguvu. Lakini ya kwanza inamtuma fundi kwenye waya, plagi na kihisi, na ya pili inamtuma kwenye dizeli yenyewe: chujio, mabomba, pampu na nozeli. Malori mengi makubwa hutumia utaratibu mwingine wa namba mbili zinazokwenda pamoja. Kwa mfano, 157 hutaja shinikizo la reli. Ikifuatwa na 4, umeme wa kihisi ndio ulio chini. Ikifuatwa na 1, shinikizo ndilo lililoshuka kupita kiasi. Fundi asemaye tu kwamba "kompyuta imeonyesha reli" hajasema kitu.

6. MFANO WA KUJIFUNZIA

Tuseme lori la chama fulani hukimbia vizuri likiwa tupu kwenye tambarare, lakini likibeba pamba na kufika mlimani hukosa nguvu, na taa ya tahadhari huwaka. Fundi anashauri nozeli zote sita zibadilishwe. Bodi inataka kwanza namba ya hitilafu isomwe na iandikwe. Inasomeka P0087.

Sasa wajumbe watafakari. Mlimani injini huomba dizeli nyingi zaidi kuliko tambarare. Ikiwa chujio limeziba nusu, dizeli inayopita hutosha kwa safari nyepesi, lakini haitoshi kwa mzigo. Kwa hiyo ukaguzi uanze na vitu rahisi na uishie na vya gharama: 

Kwanza, chujio lifunguliwe na dizeli yake imwagwe katika chupa nyeupe ionekane kama ina maji au uchafu. Pili, bomba linalovuta dizeli kutoka tangini likaguliwe kama linaingiza hewa. Tatu, ipimwe dizeli inayorudi kutoka kwa kila nozeli, maana nozeli iliyolika hurudisha nyingi kuliko wenzake na kuliangusha shinikizo la reli. Nne, na mwisho, ndipo pampu ichunguzwe.

Huenda ikaonekana kwamba kosa ni chujio tu. Huenda pia ikaonekana kwamba nozeli moja imelika kweli, nayo ibadilishwe. Katika hali zote mbili chama kimelipia kosa lililothibitishwa. Tena nozeli mpya ikinunuliwa, Katibu aulize swali moja zaidi: je, namba yake ya vipimo imeingizwa katika kompyuta? Nozeli nyingi za mfumo huu huandikwa namba maalumu kiwandani, kwa kuwa hakuna mbili zinazonyunyiza sawasawa kabisa. Namba hiyo isipoingizwa, kompyuta huendelea kuiamuru nozeli mpya kana kwamba ni ile ya zamani.

7. MAADUI WA MFUMO HUU

Dizeli chafu. Matundu na vyuma vya ndani ya nozeli vimesagwa kwa usahihi mkubwa sana. Chujio la mfumo huu hutakiwa kunasa chembe za mikroni chache tu, wakati unywele wa mtu una unene wa mikroni 70 hivi. Pipa lililoachwa wazi ghalani, au mpira wa kunyonyea uliolala mavumbini, hutosha kuleta hasara. Maji yaliyo chini ya chujio yatolewe mara kwa mara, na lisiwekwe chujio la bei nafuu lisilolingana na lile lililotajwa na mtengenezaji.

Dizeli iliyochakachuliwa. Pampu ya shinikizo kubwa hulainishwa na dizeli yenyewe. Mafuta ya taa hayana ulaini huo, kwa hiyo dizeli iliyochanganywa nayo huila pampu. Nchini Tanzania tatizo hili lilikuwa zito hata mwaka 2010 EWURA ikaanza utaratibu wa kuweka vinasaba katika mafuta ili uchakachuaji utambulike, na katika bajeti ya mwaka 2011/12 Serikali ikapandisha ushuru wa mafuta ya taa ili kuondoa tofauti ya bei iliyokuwa kishawishi. Hata hivyo chama kinunue dizeli kituoni, kwa stakabadhi, wala kisinunue madumu ya kando ya barabara.

Umeme usiotulia. Betri dhaifu na nati za betri zilizolegea huivuruga kompyuta. Kamwe betri isifunguliwe injini ikiwa inawaka. Na kabla ya kuchomelea bodi au chasisi kwa umeme, nyaya za betri zifunguliwe na plagi za kompyuta zichomolewe kama kitabu cha gari kinavyoelekeza. Kazi ndogo ya kuchomelea ubao wa nyuma yaweza kuua kompyuta nzima.

Maji ya kuoshea. Pampu ya maji yenye nguvu isielekezwe kwenye kompyuta wala kwenye plagi za vihisi.

8. ONYO LA USALAMA

Mafundi wa dizeli za zamani walikuwa na desturi ya kulegeza nati ya bomba la nozeli injini ikiwa inawaka, ili kutambua silinda isiyofanya kazi. Katika lori la reli ya pamoja desturi hiyo ni marufuku kabisa. Dizeli yenye shinikizo tulilolieleza hupenya ngozi na hata glavu. Jeraha lake huonekana dogo kama la sindano, na mara nyingine mwanzoni halina maumivu makubwa, lakini dizeli huwa imekwisha kuingia ndani ya nyama. Mtu aliyepatwa apelekwe hospitali wakati huohuo, na daktari aelezwe wazi kwamba ni dizeli ya shinikizo iliyoingia mwilini, maana kuchelewa kwaweza kumpotezea kidole au mkono. Mvujo usitafutwe kwa kupapasa na kiganja. Injini izimwe, na mabomba yasifunguliwe mpaka upite muda uliotajwa katika kitabu cha gari.

9. WAJIBU WA KATIBU NA BODI

Katibu afungue daftari la lori ambamo kila tatizo litaandikwa kwa mpangilio huu: tarehe na kilomita, dereva aliona nini, njia ya namna gani, na mzigo gani, namba za hitilafu zilizosomwa kabla hazijafutwa, vipimo vilivyofanywa, kipuri kilichobadilishwa, na namba zilizosomwa tena baada ya kazi. Vipuri vya zamani virudishwe chamani vikaguliwe.

Sharti la kuandika namba kabla hazijafutwa lizingatiwe sana. Mashine ileile inayosoma hitilafu huweza pia kuifuta. Taa huzimika, dereva hufurahi, fundi hulipwa, na baada ya safari chache taa huwaka tena, maana kosa halikuondolewa. Daftari ndilo litakaloonyesha kwamba chama kinalipia ugonjwa uleule mara ya pili.

Dereva naye asilaumiwe kwa kutoa taarifa mapema. Dereva anayeogopa kukatwa mshahara huiziba taa kwa karatasi na kuendelea na safari, na chama huja kulipia kwa injini kile ambacho kingelipiwa kwa chujio. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Wahenga walisema pia kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Zamani tulilitumia neno hilo kwa fedha na magunia. Leo linahusu hata taa ndogo ya manjano iliyo mbele ya dereva.

MASWALI YA MAJADILIANO

1. Eleza kwa maneno yako mwenyewe kwa nini kompyuta nzima yaweza kutoa amri mbaya.

2. Fundi anasema: "Kompyuta imeonyesha nozeli, zinunuliwe." Bodi imuulize maswali gani matatu kabla ya kuidhinisha malipo?

3. Kuna tofauti gani kati ya namba P0192 na P0087, na kila moja inamtuma fundi wapi?

4. Kagueni namna chama chenu kinavyonunua na kuhifadhi dizeli. Ni mahali gani uchafu au maji yanaweza kuingia, na nani atawajibika kurekebisha?

5. Je, lori la chama chenu lina daftari? Kama halina, mkutano ujao wa Bodi uamue litafunguliwa lini na nani atalitunza.